Nyati Aliyeijua Lugha ya Ngiri

Katika nchi ya Mbugani, Simba alitawala, Fisi walikula na Ngiri walilima. Huo ndio ulioitwa utulivu.

Miongoni mwa wakubwa hakuna aliyependwa barazani kama Bwana Nyati. Bonde zima lilikuwa mali yake, vita vya mpakani vilimpa cheo cha jemadari, na juu ya yote alikuwa mtunzi. Alitunga visa kwa lugha ya Ngiri, wapangaji wake, lugha aliyoipata kwa yaya aliyemlea. Akianza tu kuiga lafudhi yao, Simba hushika mbavu na Fisi hugaagaa. Alisema anaihifadhi lugha ile isipotee. Kuwahifadhi wenye lugha hakukumjia akilini.

Mwaka wa ukame aliizungushia uzio chemchemi ya bondeni, ili wageni wake wapate pa kuogea. Ndipo Bi Ngiri, mjane aliyekwisha kuzika mtoto kwa kiu, akaja barazani.

"Mtukufu, maji yafungwa," alimwambia Simba kwa lafudhi ya kwao. "Wana wetu wafa. Hatutaki shamba, hatutaki fidia. Twaomba mlango tu."

Fisi mmoja akacheka. "Lo! Kama visa vya Bwana Nyati vile!" Baraza zima likaangua kicheko. Simba akajifuta machozi. "Endelea, mama. Huyo mtoto alikufaje?"

Bi Ngiri akamgeukia Nyati. "Bwana, wewe watujua. Mamangu ndiye aliyekulea. Waambie sifanyi mzaha."

Neno moja lingetosha. Nyati alilijua, na aliona haya. Lakini wakubwa wote walikuwa wakimtazama, wakingoja burudani, naye alikwisha kuzoea kushangiliwa. Akamjibu kwa lafudhi ya visa vyake. Wakubwa wakavunjika mbavu. Mimi namlaumu kwa hilo kuliko kwa uzio.

Ngiri wakarudi bondeni, wakanyamaza. Nyati alipokwenda kutafuta visa vipya, walimjibu "Ndiyo, Bwana" kwa lugha safi ya ikulu, basi. Hakuna aliyenung'unika tena, hata kwenye foleni ya mgao wa mahindi. Fisi wakampelekea Simba habari njema kwamba bonde limetulia.

Asubuhi moja Simba alichungulia dirishani, akawaona Ngiri wamejipanga kandokando ya ukuta wa ikulu, umati kwa umati, wote wamepiga magoti.

"Mnaona?" akawaambia wakubwa waliokuwa naye, kwa furaha. "Kiu imewafunza adabu. Wamekuja kuomba radhi. Nyati, lugha yao unayo wewe, wanasemaje?"

Nyati akasogea dirishani. Tangu utotoni hakuwahi kumwona Ngiri akipiga magoti kwa ajili ya kuomba. Ngiri hupiga magoti kwa kazi moja tu. Sakafu ikatikisika, vikombe vikagongana mezani.

"Hawasemi kitu, Mtukufu," alijibu. "Wanachimba."