Tiki ya Kijani

Saiba ya Chelagat, duka lake la intaneti, ilikuwa juu ya duka la redio la Shamir, hapa Nakuru mjini, na kwenye kila skrini palikuwa na tiki ya kijani. Tiki ilikuwa ya Upeo, kampuni iliyomletea laini ya intaneti. Ukitaka laini yao lazima upitie programu yao: barua unasomea ndani ya Upeo, matokeo ya mtihani unatafutia ndani ya Upeo, na kinga ya virusi ni ya Upeo vilevile. Antivairasi ya mtu mwingine ilikuwa marufuku. Ukiiweka, laini inakatwa. Hebu fikiria, mtu akupangishe nyumba halafu akukataze kuweka kufuli yako mlangoni! Chelagat alikuwa amelalamika mpaka akachoka, lakini laini zingine mjini zilikuwa zikitambaa tu, kwa hivyo alimeza hasira na kufanya kazi.

Asubuhi moja ya mvua, mwezi wa nne mwaka wa 2008, mama mmoja alipanda ngazi akiwa na mjukuu mgongoni. Aliitwa Wamaitha. Alikuwa akilala kwenye hema za wakimbizi pale showground tangu alipokimbia ghasia za baada ya uchaguzi huko Kuresoi mwezi wa kwanza. Aliweka mezani funguo zilizofungwa kwa kamba ya viatu, na katikati ya funguo palining'inia flashi nyekundu ya kompyuta.

"Hizi ni funguo za wapi, mathe?" Chelagat aliuliza.

"Za nyumba. Nyumba iliungua. Nilifunga mlango nikidhani tutarudi jioni."

Flashi ilikuwa ya binti yake Mugure, mwalimu, aliyefariki akimzaa huyu mtoto. Picha za ukutani zote ziliungua na nyumba. Zilizobaki duniani zilikuwa humo ndani ya flashi.

"Huyu hajui uso wa mamake," Wamaitha alisema, akimpapasa mtoto mguu. "Nataka picha moja tu. Unitolee kwa karatasi." Kisha akamwangalia vizuri. "Unaitwa nani, msichana?"

"Chelagat."

Mwaka ule mtu akisikia jina lako alikuwa tayari amekupanga upande kwa kabila lako. Mkono wa mama ukarudi juu ya funguo, ukakaa hapo. Chelagat alihisi uso ukimchoma, akaudhika kwelikweli, maana yeye hakuwa amechoma nyumba ya mtu yeyote.

"Mathe, saiba zingine ziko huko chini, ukitaka. Lakini ukinipa mimi, nitakurudishia vile umenipa."

Wamaitha aliwaza kidogo, akaondoa mkono.

Chelagat alichomeka flashi. Folda zikatokea: Shule, Krismasi, Mimi na Mum. Akabonyeza ya kwanza. Skrini ikapepesa mara moja, folda zote zikapotea, flashi ikabaki tupu. Kwenye kona, tiki ya kijani iliendelea kung'aa. Salama, ilisema.

Aliitoa akairudisha. Akajaribu mashine nyingine. Tupu.

"Picha ziko wapi?" Wamaitha aliuliza.

"Ngoja kidogo, mathe."

"Nilikupatia ikiwa na picha." Hakupaza sauti hata kidogo. Afadhali angepiga kelele, Chelagat aliwaza, afadhali hata angenitukana.

Alimpigia Mathenge, ajenti wa Upeo, aliyekuwa mtaa wa pili. Alifika upesi, helmeti mkononi, tai shingoni, na juu ya tai utepe wa kijani wenye flashi ya kampuni. Enzi hizo mtu mwenye flashi shingoni alikuwa mtu, usicheze naye! Na ile flashi ilikuwa na kazi. Kwa sababu hata laini yao ilichukua siku nzima kuvuta sasisho za kinga, Mathenge alizibeba mwenyewe, akazungusha kwa pikipiki saiba hadi saiba. Anachomeka, anangoja tiki, anachomoa, anaenda.

Aliketi, akabonyeza hapa na pale.

"Fomati," alisema.

"Nini?"

"Fomati hiyo flashi, madam, ifutike yote. Imekuletea uchafu. Hawa watu wa mahema hata hawajui walichomeka wapi hivi vitu." Alisema hivyo mama akiwa amesimama papo hapo, kama vile ni kiti. "Na kwanza haina kitu. Si unaona? Tupu."

Alipeleka mkono kwenye mausi. Chelagat akaipokonya.

"Hufomati kitu hapa, boss. Picha nimeziona na macho yangu."

"System inasema uko safi."

"Basi hiyo system ni ya uongo!"

"Soma kontrakti, madam. Ukiweka kitu chetu na cha mtu mwingine, tunakata."

Chelagat alishuka ngazi mbiombio hadi dukani kwa Shamir, aliyekuwa amepasua redio ya mtu mezani. Alijua Shamir ana antivairasi kwenye CD.

"Watakukata laini, dada," Shamir alisema akimpa.

"Wakate! Nikikosa picha za huyu mama, hiyo laini itanisaidia nini?"

Aliporudi, Achola, kijana mmoja aliyekuwa kwenye kona akituma maombi ya chuo, alishtuka kuiona CD.

"Haki usiguse laini! Niko katikati!"

"Basi maliza, Achola, ama uje kesho kwa mtu mwingine."

Achola alichapa kama anayekimbizwa na nyuki. "Imeenda!" alipiga ukelele. "Imeenda, sasa wakate!"

CD ikaingia. Haikupita muda, dirisha jekundu likafunguka na kuonya kwamba programu isiyoruhusiwa imeonekana, na huduma itasitishwa. Chini yake palikuwa na vitufe viwili: Ondoa, Endelea.

"Bonyeza Ondoa," Mathenge alisema polepole. "Fikiria biashara yako."

Chelagat aliifikiria. Bila laini alikuwa na mashine kuukuu na viti vya plastiki, basi. Alimwangalia Wamaitha, aliyekuwa amezikumbatia funguo kifuani. Akabonyeza Endelea. Taa za modemu zikazima zote.

Antivairasi ya Shamir ilianza kupekua. Ilikamata virusi kwenye mashine, ikavitoa. Ikakamata vingine kwenye flashi nyekundu, ikavitoa.

"Si nilisema?" Mathenge aliruka. "Ni flashi ya mama! Subiri niweke sasisho yetu, kinga iamke, nikuonyeshe."

Alivua utepe, akachomeka flashi yake mwenyewe. Mashine ikalia kwa sauti kali, mtoto akagutuka mgongoni. Kwenye skrini lilitokea jina la virusi, na lilikuwa jina lilelile la virusi vilivyokamatwa kwenye flashi nyekundu.

Mathenge alikodoa macho.

"Boss," Chelagat aliuliza, "wiki hii umepitia wapi na hiyo flashi?"

"Njoro, Molo, Elburgon, hapa mjini kote..." Akakatiza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Yaani umeambukiza bonde zima!" Achola alisema.

"Kumbe uchafu huja na tai," alisema Wamaitha.

Shamir alikuwa amepanda kuona kelele ni ya nini. "Hivi virusi havifuti," alisema. "Vinaficha tu. Iambie mashine ionyeshe vilivyofichwa."

Chelagat alitafuta mpaka akapapata, akaweka alama, na folda zikarudi, zimefifia kidogo lakini zote ziko. Shule. Krismasi. Mimi na Mum. Akafungua. Mwanamke kijana, gambuti miguuni na chaki mkononi, alikuwa akicheka mbele ya darasa la mbao.

"Ngai!" Wamaitha alisema. Akamfungua mtoto mgongoni, akamsogeza karibu. "Huyu. Huyu ndiye mamako." Mtoto alinyoosha kidole, akagusa skrini kwenye shavu la mamake. Achola aligeukia ukuta, akajipangusa macho.

Printa ikiguruma, Mathenge aliinama kwa Chelagat. "Sikiza. Toa hiyo CD, na haya yabaki hapa. Kesho asubuhi laini imerudi."

Chelagat alirarua kifuniko cha katoni, akachukua kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa: INTANETI HAKUNA. VIRUSI PIA HAKUNA. LETENI FLASHI.

"Ukishuka nitundikie hii mlangoni," alimwambia. "Na hao wa Njoro na Molo nitawapigia mwenyewe, wajue ulichowaletea."

Mathenge alichukua helmeti akaondoka. Kibao hakukichukua, Shamir ndiye aliyekwenda kukitundika.

Wamaitha aliifunika picha kwa karatasi ya nailoni, akaitia kifuani. Chelagat akamnyooshea funguo pamoja na flashi.

"Chukua, mathe. Vile ulinipa."

Mama alizitazama, kisha akausukuma mkono wake nyuma taratibu.

"Kwa hema kunavuja. Kaa nayo, Chelagat."

"Na funguo pia?"

"Na funguo pia. Siku ya kurudi, nitajua mahali ziko."

Chelagat alizitundika kwenye msumari, juu ya modemu iliyozimwa.