Chemutai Hatetemeki

Katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, Januari ile ya 2008, hema zima lilitetemeka isipokuwa Chemutai. Baridi ya alfajiri iliwagonganisha watu meno, na Mama Wanjugu, mama mkwe wake, akajikunja mpaka magoti yakamgusa kidevu. Chemutai ametulia tuli, mtoto kifuani, kama yuko jikoni kwake.

Tangu aolewe katika kabila jingine kule Molo, wakwe zake walikuwa wakimcheka. Mkalenjin gani huyu, mtoto wa kabila la wanariadha, asiyeweza kukimbiza hata kuku? Kihara, mumewe, ndiye aliyemtania kuliko wote. Lakini mzito wa mbio hakuwa mwepesi wa kuchoka. Siku nyumba zilipochomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, kila Wanjugu alipoketi njiani akisema afadhali afie hapo, Chemutai alimwinua, mtoto mgongoni, wakaendelea. Kihara alibaki nyuma kufungulia ng'ombe. Majirani waliotoroka baadaye ndio waliowaambia kwamba ameuawa.

Hilo ndilo lililomchoma Wanjugu. Watu wa kwao huyu wamemuulia mwanawe, na huyu hata mdomo haumtetemeki! Kwenye foleni ya chai akawaambia wanawake, "Mume amekufa na hatetemeki. Huyo ni jiwe." Maneno hayakai mahali, kufikia adhuhuri kambi nzima ilikuwa nayo.

Jioni Wanjugu akamchukua mtoto. Kachanga kenyewe kalikuwa ka wiki chache, kameitwa Waithaka kwa jina la babu yake, marehemu mume wa Wanjugu, na ndiyo maana nyanya alikaita "mume wangu". Akasema mume wake hawezi kulala juu ya jiwe. Chemutai hakubishana. Alimnyonyesha, akamkabidhi.

Kulipokucha alikuja Shruti, nesi wa mjini aliyeandamana na familia za hekalu la Wahindi kuleta chai na mkate. Alimkuta Wanjugu akitetemeka mpaka mtoto anatikisika mikononi mwake. Mtoto halii. Miguu yake ilikuwa baridi na midomo imefifia. Shruti akamvua nguo haraka, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika. Wanjugu alipiga magoti kwa woga ambao hakuwa nao hata siku ya moto. Walingoja sana. Mwishowe mtoto akakohoa, akalia, akatafuta ziwa.

Shruti alimgusa Chemutai shingoni akashangaa alivyo na joto. Akamweleza Wanjugu kwamba misuli ya watu haifanani. Wengi hutetemeka ili wapate joto, lakini wako wachache ambao misuli yao hujikaza kimya kimya na joto likaja bila kutikisika. Mara nyingi hao si watu wa mbio. Mtu huzaliwa hivyo, akasema. Dada yake mwenyewe yuko vile, na yeye ni Mhindi. Si kabila, wala si roho.

Wanjugu aliona aibu hata akakosa pa kutazama.

Mara vijana wa kambi wakasimama mlangoni pa hema. "Mathe, watu wameamua huyu aende kwao," mmoja akasema. "Hata wewe umesema ni jiwe. Mtoto abaki."

Wanjugu akainuka, akasimama mbele ya Chemutai.

"Nilisema, na nilikosa," akajibu. "Kwao ni hapa nilipo mimi. Mkitaka kumtoa, anzeni na mimi."

Vijana walitazamana. Kumburuta mama aliyefiwa na mwanawe ni laana ambayo hakuna aliyeitaka. Wakaondoka bila kuaga.

Hapo Wanjugu akaona mabega ya Chemutai yanatikisika. Akadhani baridi imempata hatimaye, akavuta blanketi. Kisha akamsikia akilitaja jina la Kihara, polepole, tena na tena. Siku zote hizo hakuwa na mtu wa kulia mbele yake.

Wanjugu akaketi karibu naye, akafungua mikono.

"Jua limetoka," akasema. "Lete mume wangu nimshike kidogo, wewe ulie."