Baridi ya Leokadia

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba mjusi hafi kwa baridi ya Iringa. Anakauka tu. Najua, kwa sababu asubuhi za Julai nilikuwa nikiwaokota nje ya bweni letu, wagumu kama vijiti, na kuwalaza kwenye droo ya mwalimu wa jiografia. Jua likishapiga dirishani, marehemu walifufuka, na mwalimu akafundisha akiwa amesimama juu ya kiti. Elimu hiyo niliilipia kwa viboko.

Julai ya mwaka 1975, elimu hiyo ilihitajika hospitalini.

Mdogo wangu Leokadia, wa miaka sita, alishikwa na malaria kali kwetu Rujewa, bondeni Usangu. Baba alimpakia kwenye lori la mchele lililokuwa likija Iringa, akafika anatupwatupwa na degedege. Hospitali ikamchoma dawa ya usingizi, sindano juu ya sindano, mpaka degedege likakoma. Pumzi nayo ikakoma. Wakampitishia mpira kooni, wakaunganisha mfuko wa kumpumulisha kwa mkono.

Nilipofika na ruhusa ya shule, aliyekuwa akiubonyeza ni Baba, kwa mwendo uleule anaokamulia ng'ombe. Leokadia alilazwa bila nguo juu ya shuka lililoloweshwa, dirisha wazi. Baba ndiye aliyeomba hivyo, maana ndivyo tunavyoshusha homa kule Usangu, kwenye joto. Hakuna aliyemwambia kwamba Iringa si Usangu.

Daktari Bartholomeo alimmulika Leokadia machoni kwa tochi, akamgusa mboni kwa pamba.

"Mzee Nkuba, naona ubongo umekufa. Tuhakikishe. Acha kubonyeza."

Baba aliacha. Tukakitazama kifua. Hakikuinuka. Midomo ya mdogo wangu iligeuka rangi ya zambarau, na daktari alikuwa anatazama saa yake kama refa.

"Haya, mrudishie. Tutarudia mara moja tu, tuwe na uhakika."

"Uhakika wa nini, Daktari?" nikauliza.

"Kwamba amekufa."

"Ukirudia, huo uhakika utauleta wewe mwenyewe."

"Ndalahwa!" Baba alifoka, mkono wake haujasimama. "Mheshimu daktari!"

"Namheshimu, Baba. Ndiyo maana sijamrushia kiti."

Nilishika mguu wa Leokadia. Nilijua ubaridi ule. Niliujua kwa vidole.

"Sista, joto lake likoje?"

Sista Paskalina, muuguzi wa zamu, alikitoa kipimo kwapani mwa mtoto. Zebaki ilikuwa imelala chini kabisa, haijafika hata kwenye namba ya kwanza, ya thelathini na tano.

"Hicho kibovu," daktari alisema.

Nilikichukua, nikakibana kwapani mwangu, tukasubiri kwa adabu kama watu wa ibada. Zebaki ilipanda vizuri.

"Kibovu kimepona," nikasema. "Na dawa ya usingizi amechomwa lini?"

"Alfajiri ya leo," Sista alijibu, akimtazama daktari.

"Kwa hiyo mmemlaza kwa sindano, tumemgandisha kwa maji, halafu mnamnyima hewa ili mjue kwa nini haamki!"

"Kijana, toka nje!"

Sikutoka. Sista alikuwa ameshafunga dirisha. Baba alivua blanketi lake begani kwa mkono mmoja, akamfunika mwanawe. Daktari alikisoma kipimo mwenyewe, shingo imemwiva.

"Leteni chupa za maji moto," hatimaye alisema. "Asipimwe tena mpaka apate joto na dawa imtoke."

Alipata joto. Dawa ilimtoka. Kesho yake jioni alikohoa, akauuma ule mpira, na Baba akaacha kubonyeza kwa sababu hakuhitajika tena.

Lakini mkono wa kulia wa Leokadia haufumbiki. Daktari anasema ni malaria. Labda. Labda ni ile midomo ya zambarau. Hakuna atakayejua kamwe, na hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo. Siku Leokadia aliporuhusiwa, daktari alinipa mkono: "Umetusaidia, bwana mdogo." Nikasema asante, maana nimelelewa.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeokota mijusi wawili wakavu chini ya ukuta wa bweni. Leokadia alitaka kumshika mmoja kwa mkono wa kulia. Mjusi akateleza, akaanguka. Leokadia akajaribu tena. Mjusi akaanguka tena.

Niliwalaza wote wawili kwenye droo ya daktari. Sikuacha maelezo. Msomi yule angewakuta wamekauka, na safari hii angesubiri jua.