Yai Lenye Jina la Mwalimu

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya ajabu ajabu. Nafundisha darasa la pili hapa Kingerikiti, na mtoto akiniambia bundi alilia juu ya paa lao, namuuliza bundi huyo alikuwa anawinda panya wa aina gani. Kwa hiyo hasira niliyokuwa nayo Julai ile ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, na mpaka leo haijaisha yote.

Somo lilikuwa viumbe hai. Nilikuwa nimechoka kuchora kuku ubaoni, maana kuku wangu hufanana na birika, na watoto hucheka. Nikaamua waone kwa macho yao. Nikamleta kuku wangu mwekundu aliyekuwa tayari kuatamia, nikamtengenezea kiota ndani ya kikapu cha kuchumia kahawa kwenye stoo ya shule. Watoto wakajigawa makundi kumi na moja, kila kundi lilete yai moja, na la kumi na mbili nilete mimi. Juu ya kila yai tuliandika kwa penseli jina la aliyelileta. Langu waliliandika Mwalimu. Siku hiyo nilijiona mjanja kuliko walimu wote wa kata, kumbe ndiyo nimejikoroga.

Yai la Asteria lilikuwa dogo, gumu, la rangi ya udongo, limechongoka upande mmoja. Nikasema hili la kuku tembe, anayeanza kutaga, nikaliweka pamoja na mengine. Asteria alifungua mdomo kutaka kusema neno, lakini kengele ikalia.

Siku ya nne kuku alikanyaga yai la Hamphrey likapasuka. Kesho yake Hamphrey akaanguka kutoka kwenye mpera, akarudi shule mkono umefungwa kwa kitenge cha mama yake. Niliwaeleza watoto kwamba mpera ulikuwa umelowa umande na Hamphrey ni mtundu. Walinisikiliza kwa adabu. Mapumziko yalipofika, wote walikwenda dirishani pa stoo kuangalia kama majina yao ni mazima.

Siku ya nane Asteria hakuja. Homa ya mapafu ilikuwa imembana, wakampeleka hospitali Mbinga kwa bodaboda akiwa amefunikwa blanketi. Siku ya kumi bibi yake, Bibi Tadea, alipita shuleni akiwa njiani kumfuata, kikapu cha nguo mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa amekwisha kusikia habari za Hamphrey.

"Mwalimu, jina la mjukuu wangu umeliweka chini ya kuku," alisema. "Sikugombezi. Ila usiache yai lile likaharibika."

Nilimwambia yai ni yai tu, bibi, na mtoto yuko mikononi mwa madaktari. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayemvumilia mtoto, akaenda zake kutafuta gari.

Alipoondoka nilijifungia stoo, nikaziba dirisha kwa gunia, nikawasha tochi ya simu. Yai ukilimulika kwa nyuma siku kama hiyo, unaona mishipa myekundu na doa jeusi linalotikisika. Yai langu lilikuwa na mishipa. La Gaudiosa, la Tereza na mengine yote yalikuwa nayo pia. La Asteria nililigeuza huku na huku, nikaona giza tupu. Hapakuwa na mshipa hata mmoja wala kitu kilichocheza.

Niliogopa. Nasema wazi, mimi mwalimu wa sayansi niliogopa yai. Nilimfikiria yule bibi kwenye benchi la wodi, nikawafikiria watoto arobaini na wanne dirishani siku ya ishirini na moja, wakiona majina yote yametoka isipokuwa la mwenzao aliyelazwa. Nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta jina langu, nikafuta na la Asteria. Yai langu zima nikaliandika Asteria. Lile la giza nikaliandika Mwalimu. Niliandika upesi upesi kana kwamba naiba sadaka.

Siku kumi na moja zilizofuata sikulala vizuri. Kila simu ya Mwalimu Mkuu, Mwalimu Nazari, ikilia, roho ilinipaa. Habari za Mbinga zilikuja vipande vipande: mara anapumua kwa mashine, mara ameomba uji, mara homa imerudi. Watoto hawakuniuliza habari za hospitali. Waliniuliza habari za stoo.

Siku ya ishirini na moja vifaranga walitoka, kumi, wamelowa na wana kelele. Ganda lenye jina la Asteria lilipasuka la tatu. Watoto walishangilia mpaka darasa la tano likaja kuchungulia, na Mwalimu Nazari akapiga simu Mbinga. Bibi Tadea alilia kwenye simu. Akasema mtoto leo amekaa kitandani mwenyewe. Wenzangu wakanipongeza, nami nikatabasamu na uongo wangu moyoni.

Kesho yake kuku alitoka kikapuni na wanawe, akaliacha yai moja. Mwalimu Nazari alisema hilo ni viza, litanuka, likatupwe. Nikalichukua mbele ya watoto, nikalipeleka kwenye shimo la taka nyuma ya stoo, nikaliweka juu ya majani makavu. Niliporudi, Gaudiosa alikuwa amesimama njiani. Ni mtoto mdogo kuliko wote darasani, na huwa hasemi mpaka aulizwe.

"Mwalimu, wewe huumwi popote?"

Nilimjibu siumwi, nikamtuma akalete chaki. Nilidhani yamekwisha.

Asteria alirudi siku ya ishirini na tano, amekonda, amefungwa kilemba cha sufu, bibi yake pembeni. Watoto walimpisha kama wanavyompisha askofu. Wakamletea kifaranga wake, mweusi mwenye doa kichwani, wakamwekea viganjani. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamrudisha chini.

"Huyu si wangu," alisema. "Langu ni la kanga. Nilipewa na mjomba Edmund tulipokwenda Mbaha. Mwalimu alisema tulete yai, hakusema la kuku."

Bibi Tadea akanigeukia. Akasema kanga haanguliwi siku moja na kuku, huchelewa, hufika hata siku ya ishirini na nane. Na ganda lake ni nene, mtu hawezi kuona kitu ndani. Hayo aliyasema kwa upole, kama anayeeleza kipimo cha chumvi, maana hakujua nilichofanya. Mimi ndiye niliyejua. Giza nililoliona lilikuwa ganda tu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imeishia mbele ya dawati la kwanza. Ningeweza kusema lile la kanga lilipasuka. Nilimtazama Asteria na kile kilemba, nikashindwa.

"Yai lako niliandika jina langu," nilisema. "Niliogopa kwamba limekufa, nikabadilisha. Halafu nikalitupa."

Bibi Tadea aliketi taratibu kwenye dawati la watoto. Asteria hakulia, na afadhali angelia. Ndipo nikaona mkono wa Gaudiosa uko juu, umenyooka kama wa mtoto anayeomba kwenda chooni.

Alisema hawakuliacha shimoni. Siku ile ile, yeye na Tereza walilitoa, likiwa bado na joto, wakalifunga kwenye sweta wakalipeleka kwa kina Tereza, wakalisukuma chini ya kuku wa mama yake anayeatamia. Kila jioni walikwenda kulitazama. Hawakumwambia mtu, maana wangeambiwa walitupe.

"Kwa nini mlilichukua?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kuelewa.

"Lilikuwa na jina lako, Mwalimu," alisema Gaudiosa. "Tuliogopa utakufa."

Siku tatu. Mimi nilijisifu moyoni kwamba nimewaondolea watoto hofu, kumbe niliitua kwa mmoja nikawatwika wawili wa miaka minane, nao wakaibeba kimya, wakaja shuleni, wakaimba, wakahesabu kwa vijiti. Niliwashika wote wawili nikawaomba radhi mbele ya wenzao, kisha tukatoka, darasa zima na Bibi Tadea, tukafuata njia ya mashamba ya kahawa mpaka kwa kina Tereza.

Kuku wa pale alikuwa mkali. Mama Tereza alimwinua kwa kitenge, akapapasa chini yake, akatoa yai dogo lililochongoka, jina langu limefifia ubavuni. Hakuna aliyelishika mpaka Asteria aliponyoosha mikono. Alisogeza kilemba, akaliweka sikioni, akafumba macho. Nilitaka kusikia na mimi, lakini nilisikia moyo wangu tu.

"Yumo," alisema Asteria. "Anagonga."

Hapo ndipo Gaudiosa alipoanza kulia, kwa sauti, kama mtoto wa miaka minane.