Kesi ya Pua ya Hamira

Hamira alipoteza pua yake asubuhi moja mbele ya kituo cha mafuta. Pua yenyewe ilibaki palepale usoni, nzima, haina hata mkwaruzo. Kilichoondoka ni kazi yake. Gari dogo la mizigo lilikata kona kuingia kituoni bila kuwasha taa, pikipiki ya Hamira ikaingia ubavuni mwake, na yeye akapaa.

Wanaosema ajali hutokea kufumba na kufumbua hawajawahi kupaa. Huko juu alikuwa na muda wa kutosha. Aliziona pampu za mafuta zimejipanga kama watu wanaomngoja kinyozi. Alimwona muuza mafuta amesimama na mpira mkononi, mdomo wazi. Harufu ya petroli ikamjia tamu na nzito, ikamfunika polepole kama shuka, naye akafikiri kwamba si vibaya kulala kidogo. Kisha akatua, mguu wa kushoto kwanza, halafu kisogo. Kofia ngumu ilipasuka, kichwa hakikupasuka. Petroli ile ndiyo ilikuwa harufu yake ya mwisho.

Hilo hakulijua hospitali. Hospitali alijua mguu, kwa sababu mguu ulipiga kelele kuliko viungo vingine vyote. Pua aliikumbuka siku aliyorudi kazini.

Alikuwa mwoka mikate, na jina la Hamira alipewa na wenzake wa bekari, kwa kuwa hakuna kilichoumuka mle ndani kabla yeye hajafika. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa miaka mingi na hakuna aliyejisumbua kuifufua. Ya nini? Hamira aliketi kwenye kiti chake karibu na tanuri, mgongo ukiota joto, macho amefumba, mtu angedhani amelala. Mkate ukifika, harufu ilimwita. Siku hiyo aliketi vilevile akangoja kuitwa. Ikawa kimya. Kimya kizuri, cheupe, kama chumba ambacho watu wamehama wakaacha mlango wazi. Aliyemwita ni tajiri wake, mwenye bekari, aliyeingia mbio huku akikohoa.

"Hamira! Moshi umejaa mpaka barabarani, na wewe umekaa kama mgeni wa heshima?"

Akafumbua macho. Kweli, hakuona hata mlango.

Daktari alimweleza kwamba juu ya pua kuna nyuzi nyembamba zinazopeleka habari kwenye ubongo, na kisogo kilipopiga lami zilikatika. Mguu ungepona. Nyuzi zile haziungiki. Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alinunua saa mpya, akamweka mtu mwingine chini ya saa hiyo, na Hamira akahamishiwa kwenye magunia kwa nusu ya mshahara wake wa zamani.

"Unga haujamwagika," alimwambia mkewe siku hiyo. "Nimepewa niubebe."

Mkewe alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwanamke mwenye mikono myekundu na maneno machache. Hakucheka. "Mwenye gari ana bima," alisema. "Twende kwa wakili."

Wakili alikuwa msichana wa umri wa kuwa binti yao, ofisi yake iko juu ya duka la viatu, ngazi zake nyembamba kiasi kwamba Hamira alipanda ubavu na gongo lake. Alisikiliza yote, akapiga hesabu kwenye simu yake. Kwa mguu na pikipiki bima haikuwa na ubishi, maana mwenye gari alikuwa amekubali kosa polisi. Fedha yenyewe ilikuwa kwenye pua.

"Mzee, wewe ulikuwa unakula kwa pua," alisema wakili. "Nitadai mishahara sitini. Ile ya zamani, siyo hii ya magunia."

Walirudi nyumbani. Ndipo mke aliposimama katikati ya chumba cha mbele, akageuka huku na huku, akaanza kuhamisha viti.

"Tanuri la mtumba ni mishahara thelathini," alisema. "Nimeuliza. Litakaa hapa. Wewe una mikono, mimi nina pua. Utakanda, mimi nitanusa. Nitaaga pasi na wewe utaaga magunia."

Tangu siku hiyo chumba kile kilibaki na nafasi tupu ukutani. Mgeni akitaka kuketi pale aliombwa asogee.

Bima nao walileta daktari wao, na chupa zake. Alimfunga Hamira kitambaa machoni akampitishia kahawa, siki, karafuu. Hamira akasema maji, maji, maji. Chupa ya mwisho ilimchoma, macho yakatoka machozi chini ya kitambaa. Akasema hii inachoma, ila haina harufu. Daktari akaandika kwa muda mrefu. Baadaye wakili alicheka mpaka akashika meza. "Kuchomwa hakuhitaji nyuzi zile; mwongo angesema haimchomi. Mzee, pua tumeshinda. Wakikuuliza kama umesikia harufu yoyote tangu ajali, sema hapana. Neno moja tu. Usiongeze chumvi wala maji."

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo wakili hakuambiwa, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ni jambo.

Hamira aliota harufu. Si kila siku, ila mara nyingi. Katika ndoto hizo hakukuwa na watu wala shughuli, palikuwa na harufu tu, na pahali pakijijenga taratibu kuizunguka. Mara ya kwanza ilikuwa gunia jipya lililokatwa uzi, ile pumzi kavu ya unga inayotoka kabla mkono haujaingia, na kuizunguka kukaota stoo nzima, nyeupe, isiyo na kuta. Aliamka ameuvuta mto mpaka mdomoni. Alimwambia mkewe kwa aibu, kama mtu anayekiri kwamba bado anachezea gololi. Mkewe akaipenda. Ikawa ndiyo redio yao ya asubuhi, yeye akiwasha jiko na Hamira bado kitandani.

"Leo umesikia nini?"

"Viatu vipya. Vimo ndani ya boksi bado."

"Vya nani?"

"Sijui. Ni vidogo."

Siku nyingine: "Leo?"

"Sanduku la mama. Dawa ya nondo juu, chini yake sabuni."

"Hiyo sabuni naijua. Ilikuwa ya kijani," na mkewe angesimama na kiberiti mkononi, macho amefumba, mpaka kijiti kikamchoma kidole.

Siku moja aliuliza, "Na mimi je? Huko sipiti?"

"Bado hujapita."

"Kumbe hata huko nimeachwa dukani nikipiga pasi," akasema na kucheka, kisha akageukia jiko. Aligeukia jiko muda mrefu kuliko jiko lilivyohitaji.

Alfajiri ya siku ya kesi, alipita.

Kwanza ulikuja mvuke, ule wa pasi inapokanyaga kitambaa kibichi. Halafu sabuni ya kufulia. Halafu pakaundika shingo, pale chini ya nywele ambapo jasho hukaa, na nyuma ya mvuke na sabuni pakawa na kitu kingine kisicho na jina, alicholala nacho miaka yote ya ndoa bila kukijali, kama mtu asivyojali paa. Hamira alisimama ndani yake. Hakutaka kwenda popote. Mwanga ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa na hakuna mlango uliogongwa.

"Amka," mkewe alisema, akimtingisha. Alikuwa amekwishavaa, anatafuta kiatu cha pili cha Hamira chini ya kitanda. "Unataka hakimu aje akunyanyue?"

Ilikuwa hekaheka. Hamira aliona jambo lile linataka utulivu, akaliweka la baadaye.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina feni moja na mafaili yaliyofungwa kamba. Mkewe aliketi benchi la mbele, mkoba juu ya mapaja. Hamira akala kiapo. Wakili wa bima alikuwa mtu wa sauti ya chini, mpole, aina ya mtu anayekusaidia kuvaa koti huku mkono wake umo mfukoni mwako. Aliuliza juu ya mguu, akauliza juu ya pikipiki, akashukuru. Kisha akauliza, kama anayefunga daftari tu:

"Mzee, tangu siku hiyo hujawahi kusikia harufu yoyote? Hata mara moja?"

Neno hapana lilikuwa tayari mdomoni mwa Hamira. Akainua macho, akaona shingo ya mkewe, amejinyoosha ili asikie vizuri. Angesema hapana hivi hivi, mbele yake, asubuhi ileile?

"Ndiyo," alisema.

Wakili wake akafumba macho.

"Lini?" aliuliza wa bima.

"Leo alfajiri."

"Ulikuwa wapi?"

"Kitandani."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Harufu ya nini?"

"Ya mke wangu. Nilikuwa nimelala."

Wakacheka zaidi. Wa bima hakucheka. "Eleza, mzee. Tuna muda."

Basi Hamira akaeleza. Alikuwa mtu wa maneno ya bekari, toa, weka, funga, lakini siku hiyo maneno yalikuja yenyewe, moja likimshika mwenzake mkono. Alieleza mvuke. Alieleza sabuni. Alipofika shingoni, karani wa mahakama aliacha kuchapa.

"Mheshimiwa, na hili la shingo niandike?"

Hakimu alifikiri. "Andika."

Mkewe aliufungua mkoba, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga.

Wakili wa bima akasimama. Cheti cha daktari, alisema, kinadai pua hii imekufa kabisa na haitarudi. Maiti haioti. Kama mzee anasikia harufu usingizini, basi kuna kitu bado kinaishi humo, na kinachoishi kinaweza kuamka. Aliomba kesi iahirishwe ili aletwe bingwa wa ubongo. Wakili wa Hamira aliruka juu: ndoto si pua, hata kipofu huota jua. Walirushiana maneno mpaka hakimu akainua mkono.

"Mimi si daktari," alisema. "Bingwa aje." Tarehe aliyoitaja ilikuwa ya mwaka wa pili.

Kwenye korido, wakili alimtazama Hamira kama mtu anayetazama sufuria iliyomwagika.

"Nilikuomba neno moja, mzee."

"Nimesema moja."

"Halafu ukaongeza shingo."

Wa bima alikuja na tabasamu lake na karatasi moja. Mguu na pikipiki kama walivyokubaliana. Kwa pua, mishahara tisa, leo, yaishe. Au wangoje bingwa, na wao watafute bingwa wao, na mabingwa hawaji bure. Hamira alimtazama mkewe. Hospitali ilikuwa inawadai. Aliyewakopesha fedha za pikipiki alikuwa anawadai. Mwaka wa pili ulikuwa mbali kama nchi nyingine.

"Chukua," mkewe alisema.

Hamira akaweka sahihi, shingo upande.

Walirudi kwa miguu, mke mbele, mume nyuma na gongo. Mchana ulikuwa mweupe na mlegevu, maduka yamefungua milango yote na kila moja, bila shaka, lilikuwa na harufu yake. Walipita kinyozi, wakapita fundi wa redio. Mbele ya duka la mbao mkewe alisimama bila kugeuka.

"Ungeniambia jikoni. Jikoni ni bure."

"Asubuhi ulinikimbiza."

"Basi jioni."

"Aliniuliza asubuhi."

Wakaenda hatua chache.

"Sasa watu wote wanajua nina shingo," alisema mkewe.

"Shingo kila mtu anayo."

Mkewe aliuma mdomo. Kama ilikuwa kicheko au kilio, Hamira hakuweza kujua akiwa nyuma, na hakuthubutu kumpita aone. Walipofika nyumbani, mkewe alivuta viti viwili, akaviweka pale ukutani ambapo tanuri lilikuwa likae, wakaketi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti ileile anayohesabia mashuka ya wateja.

"Mguu, mishahara sita. Pikipiki, minne. Pua, tisa."

"Kumi na tisa," alisema Hamira.

"Toa mitatu ya wakili. Toa minne ya hospitali. Toa minne ya deni la pikipiki. Toa miwili uliyokopa kwa tajiri ulipokuwa umelala hospitali."

"Sita."

"Sita," alisema mkewe. "Tanuri ni thelathini."

Kesho yake saa ya kazi ilipofika, yeye alikwenda kwenye pasi na Hamira akaenda kwenye magunia. Pua iliyodaiwa mishahara sitini ililipwa tisa. Hamsini na mmoja ilikwenda kwa ndiyo moja, mvuke, sabuni, na shingo.