Majibu ya Kwenye Uzio

Refa aliponyanyua ile kadi ya njano, Stuart Lumb alipiga uzio kwa ngumi mbili hata chai ya Maurice Tordoff, aliyesimama ubavuni pake, ikamwagika yote viatuni.

"Ya nini hiyo? Ya nini?" Stuart alipayuka. "Kamgusa bega! Bega, refa! Au kwenu vichwa vinaota mabegani?"

Watu wa Skelbrow wakaangua kicheko. Refa mwenyewe, kijana mwembamba aitwaye Priestley, siku za kazi ni mwalimu wa hesabu. Hakugeuka. Alimtoa mchezaji wa Skelbrow nje kwa dakika kumi, kosa lake kumkaba mtu juu ya kwapa, kisha akapuliza filimbi mchezo uendelee.

Juu ya kwapa! Sheria hiyo mpya waliletewa na wakubwa wa maofisini, eti kulinda vichwa vya vijana, na mwaka mzima imewakaa kooni. Baba zao walichimba makaa ya mawe wiki nzima, Jumamosi wakaja kucheza raga kwenye tope hili hili, na mtu akigongwa kichwa alimwagiwa ndoo ya maji baridi akaendelea. Sasa ukimgusa mwenzako shingo, kadi. Ukimnyanyua vibaya, kadi. "Bado magauni tu wavalishwe," Stuart alikuwa akisema kila wiki, na kila wiki watu walicheka.

Leo lakini walicheka huku wakitazama saa. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, nyumbani, dhidi ya Wharram. Skelbrow walikuwa mbele kumi na sita kwa kumi na nne, zimebaki dakika kumi na tano, na sasa wamepungukiwa mtu. Wakishinda, kombe la ligi ni lao, kombe ambalo hawajalishika tangu mgodi ufungwe. Na ushindi wenyewe ulikuwa mikononi mwa jezi namba saba, Jed Lumb, mtoto wa pekee wa Stuart. Jed ndiye aliyepanga mashambulizi, ndiye aliyepiga mikwaju. Bila Jed timu ile ilikuwa kundi la wanaume wanaokimbia ovyo.

Mara jitu la Wharram likapewa mpira na kuja mbio katikati ya uwanja. Jed akaenda kulikaba. Akainama chini, chini kabisa, kama sheria inavyotaka. Goti la jitu likamkuta kwenye panja.

Mlio wake ulisikika mpaka kwenye uzio. Jed alilala kifudifudi, mkono mmoja umekwama chini ya kifua.

"Umeona?" Stuart alimfokea refa, sauti inamkatika. "Umeona sheria zenu? Mmemtuma mtoto akaweke kichwa kwenye goti la mtu! Haya, mpe na kadi basi!"

Jed aliinuka mwenyewe. Uwanja ukapiga makofi. Lakini Shazia, mtabibu wa timu, alikwishafika, akamshika kiwiko na kumleta taratibu hadi pembeni, hatua tatu kutoka pale aliposimama Stuart. Akamkalisha kwenye sanduku la maji.

Kila mtu pale alijua kitakachofuata. Shazia angemuuliza Jed maswali manne, yale yale yaliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Akikosa hata moja, hachezi tena leo, wala wiki tatu zijazo. Hakuna rufaa.

"Jed, niangalie," Shazia alisema. "Sasa hivi tuko kipindi cha ngapi?"

Jed alimtazama. Akalamba midomo. Macho yake yakahama, yakatangatanga uwanjani. Ndipo shetani alipompitia Stuart.

"Refa!" alipaza sauti, uso ameuelekeza uwanjani. "Hiki ni kipindi cha pili, na tangu kipindi cha pili kianze hujaona kitu!"

"Cha pili," Jed alisema.

"Sawa. Nani wa mwisho kufunga?"

"Refa we! Au kwa kuwa Womersley wetu ndiye aliyefunga ile trai ya mwisho? Ndiyo inayokuuma?"

"Womersley."

Tordoff akamtazama Stuart kwa jicho la pembeni. Kisha akaelewa, akaanza kutabasamu, na yeye akaweka mikono mdomoni. "Tena wiki iliyopita tuliwachapa Ossington ishirini, refa, ulitaka kutunyima pia!"

Shazia aligeuka. "Baba Jed, nyamaza. Na wewe Maurice."

"Mimi naongea na refa, dada. Ni dhambi siku hizi?"

"Nimewaambia mnyamaze."

"Haya, tumenyamaza."

Hawakunyamaza, ng'o! Uzio mzima ulikwishaunasa mchezo. Shazia alipouliza walicheza na nani wiki iliyopita, Jed akasema Ossington. Alipouliza kama walishinda, watu thelathini walikuwa wakimwimbia refa habari za ushindi ule. Shazia alimmulika macho kwa kurunzi ndogo, akamtaka asimame kwa mguu mmoja, akasimama. Alikuwa angali na shaka, ilionekana usoni mwake. Lakini kwa mbali mchezaji mwingine wa Skelbrow alikuwa ameanguka akishika bega na kulia kama ndama, na Shazia hakuwa na msaidizi. Shazia akamwambia Jed arudi, akachukua mkoba wake akakimbia upande wa pili.

Uzio ulilipuka kwa shangwe. Tordoff alimpiga Stuart mgongoni. "Bwana we, una akili ya kishetani!"

Stuart alicheka mpaka akakohoa. Alijiona mjanja kweli kweli.

Jed alisogea kwenye uzio kurudisha chupa ya maji. Akamkabidhi Stuart mkononi, akainama karibu, akasema kwa adabu, "Samahani, mzee. Unamfahamu baba yangu?"

"Acha mzaha, we mtoto. Nenda kacheze."

"Huwa anasimama hapa hapa. Ana koti la kijani. Ukimwona mwambie niko sawa, asiwe na wasiwasi."

Stuart alikuwa amevaa koti la kijani. Alimtazama mwanawe machoni akingoja acheke. Jed hakucheka. Alimpa tabasamu dogo, lile mtu analompa asiyemjua akimpisha dukani, kisha akageuka na kukimbilia uwanjani.

"Kasema nini?" Tordoff aliuliza. "Baba Jed? Kasema nini?"

Stuart alikuwa akimtafuta Shazia kwa macho. Shazia alikuwa mbali, amempa mgongo, anafunga bega la mtu. Stuart alimwita mara mbili, lakini nani angesikia katika kelele zile? Kelele zenyewe kaziwasha yeye. Mpira ukaanza kuchezwa. Jitu la Wharram lilikuwa limesimama likitikisa mabega, likimtazama Jed.

Stuart akaruka uzio. Mwanamume wa miaka hamsini na nane, goti bovu, tumbo mbele, aliruka akaanguka, akainuka na tope hadi kifuani, akakimbia moja kwa moja kwa refa.

"Anakwenda kumtwanga!" mtu alipiga kelele, na uwanja mzima ukashangilia. "Mpe, Baba Jed! Mpe na letu!"

Priestley alimwona akija. Alirudi nyuma hatua mbili, akapuliza filimbi, akakinga uso kwa mikono. Stuart aliona jinsi alivyojikunyata, na aibu ikamshika.

"Sikupigi, mwanangu, sikupigi," alisema akihema. "Mtoe namba saba. Nakuomba."

"Ameshapimwa."

"Nilimpa majibu mimi! Yote nilimpa mimi. Hanijui, refa. Mtoto wangu hanijui."

Jed alikuja mbio, amekunja uso. "Refa, tunapoteza muda. Mtoe huyu mzee, kalewa."

Refa alishusha mikono. "Namba saba, huyu ni nani?"

"Nitamjulia wapi?"

Wachezaji wa Skelbrow wakasimama kama walivyo. Priestley alimwita Shazia kwa mkono, akamshika Jed bega kwa upole, na yeye mwenyewe akamsindikiza hadi nje. Kwenye uzio, ambako hakuna aliyesikia kitu, walianza kuzomea. Tordoff aliita, "Umefanya nini wewe? Umetuuza!"

Shazia alimvika Jed blanketi, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Stuart alikaa kwenye benchi kando ya mwanawe. Nyuma yao Wharram walifunga trai, wakawa mbele, na watu wakalia kwa uchungu.

Jed alikaa akitazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nikuombe kitu?"

"Omba."

"Baba akija, usimwambie nimetolewa."

"Kwa nini?"

"Kichwa kimeniuma tangu kipindi cha kwanza. Niligongwa mapema, nikanyamaza." Akatazama kwenye uzio. "Wanaotoka, baba huwacheka. Sitaki anicheke."

Stuart alimvutia blanketi likae vizuri mabegani.

"Sitamwambia," alisema.

"Ahsante, mzee."

Wakakaa hivyo, wakingoja gari.