Mkunga Aliyeandika Barua Fupi

Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi wa vifaa vya hospitali alikuwa karakanani akifungua mizani ya watoto wachanga, barua pepe ilipoingia kwenye kundi la majadiliano analolisimamia. Punde mlango ukagongwa, akaingia aliyeiandika: mkunga wa zahanati ya mbali, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo, fundi. Kitanda chetu cha kuwapasha watoto joto kinazima kila baada ya dakika kumi. Nianze kuangalia wapi?"

"Marahaba, dada. Subiri kidogo, wenzetu wachangie."

Wenzao walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Wa kwanza aliandika "Swali zuri," akatokea mlangoni, akasema "Swali zuri," akaketi. Wa pili aliandika kwa herufi kubwa tupu. Aliingia akipiga kelele hadi kioo cha dirisha kikapasuka, ingawa alikuwa anasalimia tu. Wa tatu, mwenye mazoea ya kubandika barua zote za nyuma chini ya yake, aliingia akihema, amewabeba mgongoni wote waliomtangulia, akasema, "Sawa."

Mzee mmoja mstaafu aliomba atolewe kwenye kundi. Fundi akamfungulia mlango. Mzee akatoka, akaandika kushukuru, akarudi.

Fundi alilijua jibu. Ni waya wa kipimajoto uliolegea, kazi ya dakika mbili. Alipofungua kinywa tu, wakaingia wawili wameshikana mashati, wakibishana kama swali lile lilistahili kuulizwa kundini. Kwa kuwa yeye ndiye msimamizi, ikabidi awaamue.

Saa saba mkewe alileta chakula, akakosa pa kukanyaga.

"Baba watoto, wote hawa wageni wako?"

"Wa kundi."

"Na huyu dada aliyesimama pembeni?"

"Huyo ndiye aliyeuliza."

"Kajibiwa?"

"Kwanza tuwekane sawa kuhusu adabu."

Mkewe alimtafutia mkunga stuli, akampakulia nusu ya chakula cha mumewe, ile yenye nyama.

Mchana huo fundi aliandika mwongozo: mada ieleweke, kelele ziachwe, na anayetaka kushukuru amwandikie mhusika peke yake. Wote mia tatu na kumi na wawili waliwajibu wote: "Asante, tumeelewa." Wakaja. Uongozi wa hospitali ukabomoa ukuta wa stoo na kuleta mabenchi.

Mkunga alirudi zahanati jioni, maana kulikuwa na watoto wa kufungwa vifuani mwa mama zao wapate joto. Kila asubuhi aliandika upya, akaja, akauliza kwa sauti ya chini, akasubiri.

Sasa mwongozo umetoka toleo la pili. Ukurasa wa tatu umewekwa swali lake, kama mfano bora wa barua: fupi, lina mada, halimkeri mtu. Jibu halikuwekwa, kwa kukosa nafasi.